Hedifoni za mafundi za elfu 16: mdogo wangu kaanza nazo chuo Tabora

Naanza na bei maana najua wengi ndo mnachotafuta. Elfu 16. Nimezichukua hadwea moja hapa Mwanga, Kigoma, wiki mbili kabla vyuo havijafunguliwa. Mzee wa duka alitaja 20 nikamwambia mzee wangu shikamoo lakini mimi ni wa sokoni hapahapa nauza vitenge upande wa pili, unanipaje bei ya mgeni, akacheka akashusha. Kwa ambaye hajaelewa nazungumzia nini, ni yale madude ya vikombe viwili vikubwa na utepe wa kupita juu ya kichwa wanayovaa mafundi wakikata vyuma na grinda. Hazipigi muziki. Hazina waya, hazina chaji, hazina Bluetooth, hazina hata kitaa cha kuwaka. Zinaziba masikio, basi, kazi yake imeisha.

Sasa muuza vitenge na hedifoni za grinda wapi na wapi. Ni za mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 20, ana usonji (autism) na ana ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia na kupanga mambo, vyote viwili kwa pamoja, na mwaka jana kapangiwa chuo Tabora kusomea ualimu. Nyumba nzima ilifurahi siku moja tu, siku ya pili mama kaanza kulia, atakula wapi, ataamshwa na nani, akipotea je. Mimi nilikuwa naona mama anakuza mambo mpaka nilipokaa nikafikiria vizuri nikaona kumbe anaona mbali kuliko mimi.

Maana dogo sekondari alisoma bweni na watu walishangaa alivyofaulu. Lakini bweni ni nini? Bweni ni kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya usafi, mstari, kengele ya kipindi, kengele ya chakula, prepu, kulala, na mwalimu wa zamu anapita na fimbo kuhakikisha. Yaani mtu ambaye kichwa chake hakijui saa, shule ilikuwa inamshikia saa. Chuo kengele hamna. Una kipindi saa mbili asubuhi halafu kingine saa kumi jioni, katikati hapo hakuna anayekuuliza umekula au umelala. Kwa mwenye ADHD hilo pengo la katikati ni shimo, na kwa mwenye usonji ratiba kubadilika ghafla ni kama umeamka umekuta mlango wa chumba umehamia ukuta mwingine. Huyu wetu anavyo vyote, na vinagombana humohumo ndani yake, kimoja kinataka kila kitu kikae palepale kila siku na kingine ndo kinachovipoteza hivyo vitu.

(Nawaambia kidogo kuhusu hivyo vyote viwili maana kuna mzazi atasoma hapa atasema wangu waliniambia ana kimoja tu. Hata sisi mara ya kwanza waliandika kimoja. Daktari wa pili ndo akatueleza kwamba kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinachofuatwa sehemu nyingi, DSM, kilikuwa hakiruhusu kumwandikia mtu mmoja usonji na ADHD kwa wakati mmoja mpaka toleo la 2013. Kwahiyo kuna wakubwa wengi tu waliandikiwa nusu. Na kuna wengine kama sisi kabla ya hospitali tulishaambiwa ni jeuri, tukaambiwa karogwa, tukaambiwa mama alimdekeza.)

Haya turudi kwenye hedifoni. Tatizo kubwa la dogo kuliko yote ni kelele. Si kwamba hapendi kelele kama mimi na wewe tusivyopenda, ni kwamba kwake sauti zote zinaingia kwa ukubwa mmoja. Feni, kijiko, mtu anayeongea nae, mtoto wa jirani, zote zinagombania mlango mmoja. Akizidiwa anakaa chini popote alipo anajiziba masikio, au anaondoka bila kuaga, na siku mbaya kabisa anapiga kelele yeye mwenyewe, halafu baada ya hapo analala masaa matatu kama mtu aliyetoka kulima. Soko la Mwanga hapiti kabisa kwa sababu ya wale jamaa wenye spika, mnawajua, sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto, imerekodiwa inajirudia kutwa nzima. Sasa fikiria hosteli ya wavulana yenye watu wanne chumba kimoja na kila mmoja ana sabufa yake.

Nikasema nitafute hedifoni za kisasa za kukata kelele. Hapa ndo nilipoungua. Nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, elfu 85, picha nzuri, boksi zuri, zimefika ndani ya boksi kuna hedifoni nyepesi kama za kuchezea watoto. Kitufe cha kukata kelele kipo, ukibonyeza kinawaka taa ya kijani na hakuna kinachobadilika. Nilipopiga simu akaniambia dada hizo zinahitaji kuzizoea. Kuzizoea! Pesa yangu haijarudi mpaka leo.

Lakini tuwe wa kweli, hata zingekuwa orijino nadhani zisingemfaa, na hili nililijua baadae baada ya kuazima za kaka mmoja anayefanya kazi na wazungu, zile za bei ya pikipiki mbovu. Zile zinafanya kazi hivi: zina vimaiki vidogo vinasikiliza kelele ya nje halafu zenyewe zinatoa wimbi la sauti lililogeuzwa ili viuane. Ni nzuri sana kwa kelele nzito isiyobadilika, injini ya basi, jenereta, feni. Dogo alivyovaa pembeni ya jenereta alitabasamu. Lakini kelele ya ghafla na ya juu juu, sahani kuanguka, mtu kucheka, mtoto kulia, honi, hiyo nyingi inapita maana mashine haijapata muda wa kuitegea. Na kelele za hosteli ndo hizohizo za ghafla. Halafu kuna chaji. Ukimpa mtu mwenye ADHD kifaa kinachohitaji kuchajiwa kila siku ujue umempa kifaa cha siku mbili, siku ya tatu ni mkufu wa shingoni. Simu yenyewe anaichaji akiona imezima.

Sasa hizi za mafundi hazina akili yoyote, ni plastiki na sponji, na ndo maana zinaziba kila kitu bila kuchagua, na zile sauti kali za juu ndo zinazipunguza zaidi. Kwenye boksi lake pameandikwa SNR 27. Nilimuuliza mzee ile 27 ni nini akasema ni saizi. Sio saizi mzee wangu! Ni desibeli, yaani kipimo cha kelele inayopunguzwa, kilichopimwa maabara. Kwa kukisia tu, kelele ikipungua desibeli 10 sikio linaona kama imekatwa nusu. Na kelele ya 85, ambayo ndo kiwango ambacho watu wa usalama kazini wanaanza kukwambia vaa kinga ukikaa nayo masaa nane, ukitoa 27 inabaki 58, hiyo ni kama watu wawili wanaongea kawaida mezani. Kichwani mwa mtu haifiki hiyo 27 kamili, hasa akivaa miwani maana ule mkono wa miwani unanyanyua sponji na sauti inapata pa kupenyea. Dogo anavaa miwani. Bado inamtosha.

Hatukumpa akaondoka nazo hivihivi. Hili nawaambia kwa herufi kubwa kama ningekuwa napenda herufi kubwa: jaribuni nyumbani kwanza. Kitu kipya kwa mtu wa usonji nacho ni kelele. Siku ya kwanza alivaa dakika tano akavua akasema zinaminya kama mtu ananishika kichwa. Na kweli zikiwa mpya zinabana sana, mimi mwenyewe nilivaa nikapata kichwa kuuma. Fundi welda wa hapo nyuma ndo akanipa ujanja, zivalishe kwenye rundo la vitabu vipana kuliko kichwa uache usiku kucha. Tuliweka Biblia ya mama na madaftari mawili, siku tatu, zikalegea vizuri tu bila kupoteza kazi yake. Tukaanza dakika kumi akiosha vyombo, tukaja nusu saa, tukaenda nae Kibirizi asubuhi boti zikiwa zinapakua dagaa na watu wanabishana bei, akakaa saa nzima anaangalia samaki. Huyu bwana samaki wa ziwa letu anawajua wote, ukimuuliza kuhe na nonzi wanatofautianaje andaa kiti. Zamani Kibirizi alikuwa hamalizi dakika kumi.

Mtihani mkubwa ulikuwa soko la Mwanga, kwa wale wa sumu ya panya. Alipita. Alipita mbele ya spika kabisa, akageuka akaniangalia, akarudi akapita tena. Mama alikuwa nae siku hiyo, akajifanya anachagua nyanya.

Tukaenda Tabora kwa treni. Wengi walituambia pandeni basi mtawahi, lakini yeye anataka treni kwa sababu vituo havibadiliki, Uvinza, Kaliua, Urambo, Usoke, anavitaja kama anahesabu tasbihi, na kwakweli mimi nilikubali kwa sababu kwenye treni akizidiwa anaweza kusimama akatembea. Unajua treni ikisimama stesheni usiku inavyokuwa, wauza mayai, karanga, chai, asali, wote dirishani kwa mkupuo, na mtu ulikuwa umeshasinzia. Alizivaa zilivyo akageukia ukutani akalala. Akalala kweli! Mimi ndo sikulala, nilikuwa namwangalia yeye na mabegi.

Sasa chuoni. Chuo sikitaji, si kwamba kibaya, kina mazuri na mabaya kama vyote, ila sitaki mtu amtambue.

Kwanza muonekano. Hizi alizochukua ni rangi ya chungwa inayong'aa, unaonekana toka kituo cha basi. Nilikuwa na wasiwasi wa kuchekwa na kweli siku ya kwanza tu wamempa jina, Rubani. Yeye akawaeleza kwa utaratibu kabisa kwamba hapana, za rubani zina maiki na waya, hizi ni za kujikinga tu, na akaendelea kama dakika kumi hivi. Jina likabaki. Nilipomuuliza linakuuma akasema kwa nini liniume wakati nimeshawarekebisha. Ila rangi hiyo imeniletea faida nisiyoitegemea: hazipotei. Huyu mtu semista moja kapoteza kitambulisho cha chuo mara mbili, mwavuli, ufunguo, na kiatu kimoja, sijui mtu anapotezaje kiatu kimoja. Hedifoni hajapoteza. Akizisahau kantini watu wanajua ni za Rubani wanamletea.

Pili kuna jambo la chumba cha mtihani, na hili ndo limenifanya niandike yote haya. Chumba cha mtihani huruhusiwi kuingia na kitu chochote cha umeme, simu, saa za kisasa, hedifoni za Bluetooth, ukikutwa nazo ni kesi. Kwahiyo zile za elfu 85, na hata zile za kaka wa wazungu, zingebaki mlangoni siku ileile anayozihitaji kuliko siku zote, ukumbi wa watu mia tatu, kalamu, viatu vya msimamizi, mtu anakohoa, karatasi. Hizi za mafundi ukizifungua ndani kuna sponji. Msimamizi anazishika, anachungulia, anabonyeza, anakurudishia. Lakini usiende tu mkavu, lazima barua itangulie. Sisi tulienda kwa mshauri wa wanafunzi wiki ya kwanza kabisa, wanafunzi wenyewe wanamuita dini, yaani dean wa Kiingereza, mama aliposikia twende kwa dini akavaa kanga mpya akijua tunaenda kuombewa. Tulibeba kopi ya ripoti ya daktari na ile fomu ya ulemavu ya maombi ya mkopo iliyosainiwa na mganga mkuu. Mama yule wa ofisini alikuwa hajawahi kusikia usonji kwa mtu mzima, alisema si ugonjwa wa watoto huo? Nikamwambia mama angu watoto si wanakua. Akanyamaza, akachukua kalamu. Tuliomba vitatu tu: hedifoni kwenye mtihani, kukaa kiti cha pembeni karibu na mlango, na muda wa nyongeza. Vya kwanza viwili tulipata ndani ya wiki, cha tatu kilizungushwa mpaka mitihani ikaanza, nenda kitengo hiki, rudi kile, mara barua haina mhuri. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, Namba 9, nilikuwa naitaja kwa sauti ya upole kila ofisi. Sijui kama iliwatisha lakini waliacha kuniita "we binti".

Tatu, vitu ambavyo hedifoni hizi HAZIFANYI, maana sitaki mtu aende kununua akidhani ni dawa.

Darasani hazifai. Ukivaa humsikii mwalimu, na yeye alijaribu wiki nzima anatoka na daftari tupu. Darasani anatumia vile viziba vya sponji vya mia tano mia tano, anaviringisha kimoja kwa vidole, anavuta sikio juu kidogo, anaingiza, anashikilia mpaka kitanuke. Akiingiza nusu anamsikia mwalimu na makelele ya nyuma yanapungua. Hizi kubwa ni za kabla na baada ya kipindi, kantini, chumbani, mtihani.

Joto. Oktoba ya Tabora mnaijua, kabla mvua hazijaanza, hata embe zinaiva zikiwa mtini kwa hasira. Masikio yanatoka jasho mpaka yanateleza. Anafuta na kitambaa kila mara na nimemkatia vipande vya kitenge laini anavizungushia kwenye sponji, vinasaidia lakini vinapunguza kuziba kidogo. Hapa nimekata nyota moja, nne kati ya tano.

Barabarani ni hatari. Hili halina mjadala. Mwezi wa kumi na moja bodaboda alimkosa kidogo tu, dereva anasema kapiga honi mara tatu. Tangu hapo kuna sheria ya geti, anatoka getini hedifoni zinashuka shingoni, na sheria anazipenda kwahiyo anaifuata kuliko sisi.

Na kuvaa kutwa nzima si vizuri. Daktari alituambia ukizoea kukaa kwenye ukimya wa kutengeneza hata pasipo na kelele, masikio yanazidi kuwa mepesi, unajikuta hata sauti ndogo inakuumiza. Vaa kelele ikiwepo, vua ikiisha. Dogo anaelewa hilo kichwani, vitendo ni hadithi nyingine, kipindi cha mwezi wa kwanza alikuwa analala nazo.

Halafu kuna kelele ambazo hazipitii masikioni. Grupu la WhatsApp la darasa lake lina watu zaidi ya mia mbili, meseji mia tano kwa siku, vichekesho, salamu za Ijumaa, mtu anauza chipsi, na katikati ya huo uchafu CR, yaani kiongozi wa darasa, katupia saa nne usiku kwamba kesho kipindi cha saa mbili kimehamishiwa ukumbi mwingine saa nne. Mwenye usonji amejiandaa na ukumbi A tangu jana, mwenye ADHD hajaona meseji, na hawa wawili ni mtu mmoja kasimama peke yake ukumbi A saa mbili asubuhi anatetemeka. Ilitokea mara tatu ndani ya wiki mbili. Hakuna hedifoni ya kutibu hiyo. Nilimpigia CR, kijana mstaarabu wa kwao hukohuko Tabora, nikamsalimia mwangaluka yangu ya kuokoteza akacheka sana, nikamuomba kitu kimoja tu, ratiba ikibadilika mtumie meseji ya kawaida, sio grupu, meseji fupi, ukumbi gani saa ngapi. Anafanya hivyo mpaka leo. Nilimtumia kitenge cha mama yake.

Vingine tulivyonunua nivipitie haraka maana havina maneno mengi. Saa ya mkononi ya elfu 25 inayotetemeka badala ya kulia, nzuri, ndo kengele yake ya bweni, tumepanga mitetemo saba kwa siku ikiwemo wa kula. Kipima dakika cha jikoni cha kuzungusha kwa mkono, kizuri sana, anazungusha 25 anasoma mpaka kilie, ila mlio wake wa mwisho ni mkali rumeti mmoja akatishia kukirusha dirishani, sasa anakifunika na soksi. Ubao mweupe mdogo wa ukutani, kapoteza kalamu zake wiki ya kwanza, sasa ni ubao wa kutundikia taulo. Daftari la kupangia siku lenye jalada la ngozi, alilipenda, analinusa, hajaandika kitu.

Ah na kitu kimoja ambacho si cha kununua. Kusoma peke yake hawezi, anakaa na kitabu masaa mawili ukurasa uleule. Lakini akikaa pembeni ya mtu mwingine anayefanya kazi yake, hata wasipoongea, anasoma. Wanasema wenye ADHD wengi wako hivyo. Mwanzoni tulikuwa tunapigiana simu ya video mimi niko dukani nakunja vitenge yeye anasoma, hatuongei, wateja wanadhani namchunga mchumba. Sasa hivi anakaa na rumeti wake mmoja anayesomea mambo ya jamii, kila mtu na lake.

Na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, msiniulize. Bumu la kwanza liliisha siku tisa. Alinunua tanki la kioo la samaki. Hosteli hawaruhusu samaki.

Matokeo ya semista ya kwanza yametoka, ana sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, na hiyo sapu ni ya somo ambalo mtihani wake ulifanyika kabla barua ya muda wa nyongeza haijapita. Mengine kapita, mawili kapita vizuri mpaka mama alimuomba dada wa stesheneri ayachapishe kwa rangi.

Kuhusu kudumu: ni mwezi wa saba sasa tangu nizinunue. Utepe wa juu mzima, plastiki nzima pamoja na kuanguka ngazini mara kibao, lakini zile sponji za ndani zimechanika kwa jasho. Za aina hii huwa zinachomoka na kubadilishwa, shida ni kwamba huku kwetu hamna anayeuza sponji peke yake, inabidi ununue hedifoni nzima nyingine. Wiki iliyopita kanitumia meseji, "Dada sponji zimekufa. Mzee bado anazo? Rangi ileile. Isiwe nyekundu." Nikaenda. Mzee anazo nyekundu tu, na safari hii elfu 18 na hashuki, anasema dada siku hizi zinanunuliwa na kina mama sijui wanapeleka wapi.

Nikachukua nyekundu nikamtumia kwa treni pamoja na dagaa. Kachomoa sponji mpya kaziweka kwenye zake za chungwa, zimeingia vizuri bila kulegea, na zile za zamani zilizochanika kazirudishia kwenye nyekundu na gundi. Nyekundu kampa rumeti. Kanitumia picha, wamekaa meza moja kila mtu na zake, kipima dakika katikati ndani ya soksi.